Jinsi ya kufuatilia historia ya jumba la sinema la zamani Lindi na Mtwara: lilifunguliwa lini, likafa lini

Kama umekulia Lindi au Mtwara lazima kuna jengo ambalo mkilipita mzee anakuonyesha kwa mkono anakwambia "hapo zamani palikuwa senema", halafu habari inaishia hapohapo. Mwaka haujulikani, aliyekuwa anaendesha hajulikani, lilifungwa lini kila mtu ana lake. Nimekuwa nafuatilia haya mambo miaka kadhaa sasa, wikiendi na likizo, na nimeona niandike ninavyofanya ili na wewe wa Nachingwea au Masasi au Kilwa uanze na la kwenu, maana waliokuwa wanazungusha zile mashine wengi wana miaka 70, 80 huko, na kila nikirudi nyumbani naambiwa fulani hatunaye tena.

Jambo moja lishike toka mwanzo. Jumba la sinema linafunguliwa mara moja lakini linafungwa mara nyingi. Siku ya kufungua kuna bango, kuna wakubwa wamealikwa, kuna watoto wamejazana nje. Kufunga hakuna anayetangaza. Wiki hii hakuna picha kwa sababu mkanda haujafika, wiki ijayo mashine mbovu, baadaye wanaonyesha Jumamosi tu, baadaye ukumbi unakodishwa disko, baadaye viti vinang'olewa na ndani yanaingia magunia. Sasa ukiuliza "lilifungwa lini?" watu watano watakupa miaka mitano tofauti na wote wanasema kweli, mmoja anahesabu picha yake ya mwisho, mwingine siku viti vilipotoka, mwingine siku jina lilipopakwa rangi ukutani. Kwa hiyo mimi siulizi hivyo tena. Nauliza: mara yako ya mwisho kuingia mle ndani ilikuwa kuangalia nini, na ulikwenda na nani?

Kabla hujaongea na mtu yeyote ujue kwanza umri wa mji wenyewe, hii itakuokoa na makosa mengi. Lindi ni mji wa zamani na ndiyo ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 yalipohamishiwa Mtwara. Mikindani nayo ni ya zamani sana, boma lake la Wajerumani lilijengwa 1895. Lakini Mtwara mjini kama tunavyoijua ni mtoto wa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufutwa 1951, pamoja na bandari ya kina kirefu iliyofunguliwa 1954 na reli ya kwenda Nachingwea ambayo ilikuja kung'olewa miaka ya 1960. Maana yake mtu akikwambia babu yake aliangalia picha Mtwara mjini mwaka 1935, usimkatalie, muulize taratibu, pengine ilikuwa Lindi au Mikindani, au hata Dar alikokwenda kufanya kazi. Tena filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti ilitoka 1931, kwa hiyo anayekumbuka nyimbo za Kihindi ndani ya ukumbi hawezi kuwa anaongelea miaka ya 1920.

Halafu tenganisha jumba na gari la sinema. Hapa wengi wanachanganya. Serikali ya mkoloni, na baada ya Uhuru serikali yetu, ilikuwa na magari yanayozunguka vijijini, kitambaa cheupe kinafungwa uwanjani, bure, watu wanakaa chini, mnaonyeshwa mambo ya kilimo na afya. Huko Nachingwea kwenye mradi wa karanga kulikuwa na klabu za wazungu, na picha ya klabu sio jumba la sinema la biashara. Maswali mawili yanamaliza ubishi: mlikuwa mnalipa kiingilio? Na mlikuwa mnakaa kwenye viti au mkekani?

Sasa wazee. Usiende na karatasi yenye maswali 30 kama karani wa sensa. Nenda asubuhi au baada ya alasiri, shikamoo yako iwe ya kutulia, jitambulishe kwa ukoo kwanza (huku kwetu "wewe mtoto wa nani?" ndiyo swali la kwanza na usipolijibu vizuri umeshapoteza nusu ya habari), omba ruhusa ya kurekodi na simu, na kama hataki usirekodi, andika. Mara ya kwanza ongeeni tu. Mara ya pili ndo uulize miaka.

Na miaka usiulize kwa namba. Watu wetu wanakumbuka kwa matukio, we kazi yako ni kuyajua matukio na tarehe zake. Kwa Lindi kuna kile kimbunga cha Aprili 1952, wazee wa pale wanakijua, uliza tu kama jumba lilikuwepo tufani ilipopiga. Kuna Uhuru, Desemba 1961. Kuna pesa mpya, maana shilingi yetu ya Tanzania ilikuja 1966 na kabla ya hapo tulitumia ya Afrika Mashariki, kwa hiyo anayekumbuka tiketi alilipa kwa pesa gani amekupa mpaka mmoja tayari. Kuna Azimio la Arusha 1967, kuna Lindi kuwa mkoa peke yake 1971, kuna watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 katikati, kuna vita vya Kagera 1978 na 1979, kuna kifo cha Sokoine Aprili 1984. "Sokoine alipofariki, pale palikuwa bado wanaonyesha?" Unakuta mzee ambaye alikwambia hajui mwaka anajibu palepale, eti siku zile za maombolezo walifunga, kwa hiyo walikuwa wanafanya kazi.

Wamama ndiyo hazina kubwa kuliko wote na watafiti wengi wanawaruka. Mama atakwambia nilikwenda nikiwa na mimba ya fulani, au kabla sijachezwa unyago, au Idd ile niliyovaa gauni la pinki alilonishonea shangazi. Fulani ana cheti cha kuzaliwa! Umeshapata mwaka. Waulize pia kama kulikuwa na shoo ya wanawake peke yao, kwenye miji mingi ya pwani zilikuwepo, wanaume hawaingii, na wamama wanazikumbuka mpaka harufu ya asumini.

Majina ya picha nayo yanasaidia lakini kwa uangalifu. Mtu akikwambia picha ya kwanza kuangalia humo ni Mother India, ile ilitoka 1957, basi yeye hakuingia kabla ya 1957. Lakini usiandike kwamba ilikuwa 1957! Mkanda ulianzia India, ukafika Dar au Zanzibar, ukazunguka miji mikubwa, huku kusini tulikuwa mwisho wa foleni na masika yakianza barabara ya kwenda Dar ilikuwa inakatika kabisa, daraja la Rufiji lenyewe tumelipata 2003. Tena picha iliyopendwa ilirudishwa na kurudishwa miaka na miaka. Kwa hiyo picha inakupa "sio kabla ya", haikupi mwaka wenyewe.

Ukibahatika kumpata opareta, yule aliyekuwa anaendesha mashine ya picha, acha mengine yote kaa na huyo. Mimi nilimpata mmoja Lindi, nilielekezwa na muuza samaki. Siku ya tatu kwenda kwake ndo akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga, ndani kuna vipande vya mkanda vimejikunja kama maganda. Alikunjua kimoja akakiinua kwenye mwanga wa dirisha akanionyesha vitundu vya pembeni, vinne kila upande kwa kila picha moja, na kale kamstari kembamba kanakotetemeka pembeni akasema "hii ndo sauti, ukikwaruza hapa na kucha stelingi anapiga kelele". Halafu akanionyesha alama ya duara kona ya juu kulia. Mimi nimeangalia picha maisha yangu yote sikuwahi kujua ile ni nini. Ni ishara kwa opareta kwamba reli (gurudumu la mkanda) inaisha, alama ya kwanza unawasha mota ya mashine ya pili, alama ya pili, kama sekunde 7 baadaye, unahamia mashine hiyo, na ukichelewa ukumbi mzima unapiga miluzi.

Kwa nini nakueleza haya? Kwa sababu kwa opareta maswali ya ufundi ndiyo yanafungua tarehe. Muulize: mlikuwa na mashine ngapi? Mkanda unapita kama futi 90 kwa dakika, kwa hiyo picha la Kihindi la saa 3 ni zaidi ya futi 16,000, reli kubwa nane au tisa za futi 2,000. Jumba lenye mashine moja lilikuwa linasimama kila baada ya dakika 20 hivi kubadilisha, lenye mbili halisimami. Ukisikia "siku ilipokuja mashine ya pili" umepata tukio. Muulize taa ilikuwa ya vijiti vya kaboni au ya balbu, vijiti viliagizwa wapi, na mara ya mwisho vilipoadimika walifanyaje. Muulize umeme ulikuwa wa mjini au jenereta yao. Muulize mikanda ilifika kwa meli, ndege au basi, na nani aliyekwenda kuipokea. Huyo aliyekwenda kuipokea pengine bado yupo, na umepata mtu wa pili.

Na kama kuna kipande cha mkanda soma pembeni yake kwa kioo cha kukuzia. Ukiona neno SAFETY salama. Ukiona NITRATE kiweke chini, mbali na moto na sigara, hiyo ni mikanda ya zamani inayowaka kama baruti, ilianza kuachwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mikanda ya Kodak ina vialama vidogo pembeni, duara, mraba, pembetatu, vinavyoonyesha mwaka ulipotengenezwa, ila vinajirudia kila miaka 20 kwa hiyo vitumie pamoja na ushahidi mwingine.

Baada ya hapo nenda kwenye jengo. Omba ruhusa kwa aliyepo, hata kama ni fremu ya simu au godauni, nunua hata vocha, eleza unachotafuta. Zunguka nyuma. Ukumbi wa sinema haufichiki hata ukipakwa rangi mara ngapi: ukuta mmoja mrefu usio na madirisha, sakafu inayoteremka kwenda mbele, na juu nyuma kabisa kachumba kadogo chenye vitundu vya mraba vinavyotazama ukumbini, viwili kwa kila mashine, kimoja cha mwanga na kimoja cha opareta kuchungulia. Mara nyingi kale kachumba kana ngazi yake ya nje na mlango wa chuma, sababu ni ule moto niliousema. Piga picha vitundu hivyo na uvihesabu. Vinne maana yake mashine mbili, na jumba lililojengwa kwa mashine mbili lilijengwa na mtu aliyekuwa na matumaini.

Paji la jengo, ile sehemu ya juu ya ukuta wa mbele, lisome kwa makini, na hapa kuna mtego mbaya. Majengo mengi ya mitaa ya Wahindi Lindi na kwingine yana maandishi, na mwaka unaweza kuwa wa kalenda yao, Samvat, ambayo iko mbele ya yetu kwa miaka 56 au 57. Jengo limeandikwa 1990 unasema aah hili la juzi tu wakati wa mageuzi, kumbe ni 1933 au 1934. Na tarakimu za Kigujarati hazifanani na zetu, piga picha tafuta mtu akusomee usikisie. Kama ni mwaka wa Hijria, 1368 kwa mfano ni 1948 kwenda 1949. Halafu mwaka wa paji ni wa jengo, sio wa sinema. Mimi niliwahi kumwambia kila mtu mwaka wa jumba moja kwa sababu ya namba ya ukutani, mpaka bibi mmoja akanikalisha chini akanieleza kwamba pale palianza kama duka la nguo na sinema ilikuja baadaye nyuma yake. Niliona aibu kweli, nilishawatumia watu.

Ndiyo maana siku hizi kwenye daftari nina kurasa tatu kwa kila jumba: jengo, biashara, jina. Mwenye jengo anaweza asiwe mwenye sinema, na jina linaweza kubadilika bila picha kusimama hata siku moja. Kule Zanzibar jumba la Sultana baada ya Mapinduzi likawa Cine Afrique, jengo lilelile. Ukichanganya hizi tatu utaandika kwamba jumba lilifungwa kumbe lilibadilisha jina tu.

Karatasi sasa. Mwaka mkubwa kuliko yote kwa upande wa majengo ni 1971. Aprili mwaka huo ilipita sheria ya kutwaa majengo, yale ya kupangisha yenye thamani kuanzia shilingi 100,000 yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na Msajili mwenyewe akaja kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) 1990. Kwa hiyo kama jumba lenu lilitwaliwa, mpangaji, kodi, na barua za "paa linavuja" vinaweza kuwa kwenye faili la NHC, na barua ya paa linavuja ndiyo ushahidi mzuri kuliko yote kwa sababu hakuna anayelalamika paa la ukumbi ambao hautumiki. Kwa yasiyotwaliwa nenda ofisi ya ardhi ya mkoa ufanye sachi ya kiwanja (kuangalia kumbukumbu za umiliki), unalipia kwa kontroli namba, ila uwe na namba ya kiwanja na kitalu. Halmashauri uliza daftari za leseni na pia kwa afisa utamaduni, kwa sababu mambo ya maonyesho ya filamu yako chini ya sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya 1976 na kabla yake za mkoloni. Nitasema ukweli, ofisi nyingine utaambiwa mafaili ya zamani yalichomwa kupisha nafasi, ofisi moja nilizungushwa wiki mbili halafu nikaambiwa hivyo. Inauma. Andika tu kwamba uliuliza, tarehe gani, ukajibiwa nini, na usonge.

Nyaraka za Taifa ziko Upanga, Dar. Nenda na barua ya utambulisho, kutoka kwa mtendaji, shule, chuo, taasisi yoyote inayokujua. Omba mafaili ya Jimbo la Kusini na vitabu vya wilaya, na usitafute neno sinema peke yake, tafuta leseni, viwanja, zimamoto, kodi ya burudani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya East Africana yenye magazeti: Tanganyika Standard kuanzia 1930, Ngurumo ya 1959 mpaka 1976, Uhuru, Daily News kuanzia 1972. Usisome kila siku utachoka, soma wiki ya Idd, Diwali na Krismasi. Matangazo mengi ni ya majumba ya Dar, ya kwetu utayakuta zaidi kwenye habari za mikoani na barua za wasomaji, mtu wa Mtwara analalamika picha zimechakaa. Gazeti la Serikali nalo lina matangazo ya ubia kuvunjwa na kampuni kufilisika, na mengi ya zamani yameshawekwa mtandaoni.

Usisahau familia zilizoendesha. Wengi waliondoka baada ya 1971, wako Leicester, Toronto, Vancouver, na wana magrupu yao ya WhatsApp ambako wanatumiana picha za Lindi kila siku. Andika kwa adabu, jitambulishe, tuma picha ya jengo lilivyo leo. Usianze na mambo ya kutaifishwa. Ukishatuma picha ya jengo wao wenyewe watakuja na albamu.

Kuhusu kifo, usiandike sababu moja. Kuna kutwaliwa kwa majengo, kuna Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliyoanzishwa 1968 na baadaye ikashika uagizaji wa filamu, kuna uhaba wa fedha za kigeni kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 mpaka mikanda ikawa inarudiarudia imejaa mistari, kuna video miaka ya 1980 na vibanda umiza, kisha 1994 televisheni zikaanza Bara. Wewe angalia kwenu kipi kilitangulia kipi. Kwa mfano mtu akikwambia "TV ndo iliua" lakini viti vilishang'olewa wakati wa Sokoine, TV haihusiki.

Unapoandika, kila tarehe ipe uzito wake. Yenye karatasi iandike kama ilivyo. Yenye watu wawili wasiofahamiana wanaokubaliana, sema hivyo. Yenye mtu mmoja, sema ni ya mtu mmoja. Na mwisho wa jumba usiuandike mstari mmoja, andika mistari: shoo za kila siku mpaka lini, za wikiendi mpaka lini, onyesho la mwisho linalokumbukwa, viti kutoka, matumizi yaliyofuata. Ukikosa mwaka andika "baada ya Kagera, kabla ya Sokoine", inatosha kabisa na ni kweli.

Ukimaliza toa nakala tatu za karatasi, simu zinaibiwa na kudumbukia majini. Moja maktaba ya mkoa, moja kwa familia ya mwenye jengo, na moja mpelekee aliyekuhadithia, iliyochapwa kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yake, umsomee kwa sauti hapohapo barazani na kalamu mkononi.